Mtu wa nyumbani akiuawa na gari: fidia hudaiwaje Kenya

Kesi ya fidia inaweza kufa siku ileile inapofunguliwa, ikiwa anayedai kwa niaba ya marehemu hana hati ya usimamizi wa mirathi. Kuwa mjane au kifungua mimba hakutoshi, na hati ikipatikana baadaye haiifufui kesi. Inayotakiwa hapa ni ile ya muda, ya kesi tu, ambayo mawakili huiita ad litem. Anzeni na cheti cha kifo na barua ya chifu.

Sheria inawapa miaka 3 tangu siku ya kifo. Msingoje dereva ahukumiwe kwanza. Kesi ya trafiki ina njia yake, na hii ina yake.

Polisi watawapa abstrakti, yaani karatasi ya muhtasari wa ajali. Isomeni palepale kituoni: namba ya gari, kampuni ya bima, namba ya bima na tarehe zake. Kisha tafuteni rekodi ya umiliki NTSA, mamlaka inayosajili magari, maana matatu huuzwa na kuuzwa tena bila kubadilisha jina. Bima nayo ipewe notisi kabla ya kesi kufunguliwa. Mkichelewa, itakuwa na sababu ya kukataa kulipa.

Wanaotambuliwa kuwa wategemezi ni mke, mume, wazazi na watoto. Ndugu wa marehemu hawamo, hata kama alikuwa akiwalipia karo.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Marehemu alibaki na shilingi 30,000 kwa mwezi baada ya makato, na korti imeona angefanya kazi miaka 15 zaidi. Alikuwa na mke na watoto, kwa hiyo huchukuliwa kwamba theluthi mbili zilienda nyumbani: 30,000 × 12 × 15 × 2/3, yaani 3,600,000. Sheria inailazimisha bima kulipa hadi milioni 3 kwa mtu mmoja; 600,000 zinazobaki mtamdai mwenye gari. Kama hakuwa na hati ya mshahara, pelekeni taarifa za M-Pesa au daftari la biashara. Bila ushahidi wowote, korti mara nyingi hushika mshahara wa chini wa serikali, na fidia hushuka vibaya. Risiti za jeneza, mochari na usafiri wa mwili zitunzeni pia.

Halafu kuna yule broka anayewasubiri mochari na karatasi ya "pole kidogo". Akiwapa kalamu, someni kama imeandikwa kwamba malipo hayo ndiyo ya mwisho. Ikiwa imeandikwa hivyo, msitie sahihi kabla wakili wenu hajaiona.