Nilivyotoboa slabu ya jiko nipate mwanga, na hela niliyopoteza njiani

Jiko letu lilikuwa giza jamani, yaani saa saba mchana unachambua mchele na taa imewashwa. Nyumba tulijenga wenyewe hapa Moshi, jiko tukaliweka nyuma, juu yake tukamwaga slabu ili tanki la maji likae, dirisha likawa linaangalia uani, safi kabisa. Alafu jirani naye akajenga, ukuta wake ukasimama kama mita moja na nusu kutoka dirishani kwangu, haki yake, kiwanja ni chake, ila mwanga ndo ukaondoka hivo.

Kabla sijafika mbali niseme hili, kama unataka kuweka skailaiti (tundu la juu la kuingiza mwanga) ili uokoe umeme wa LUKU acha tu. Taa ya wati 9 ikiwaka masaa kumi kila siku kwa mwezi inakula kama uniti 2.7, sasa hiyo hela ya fundi na kioo utairudisha lini? Mimi nilitoboa kwa sababu nimechoka kuishi pangoni, unaosha mnafu huoni hata kama kuna konokono.

Fundi wa kwanza alikuja na grinda na tindo anataka aanze pale pale katikati ya dari. Baba watoto akagoma, akaenda kumchukua kijana mmoja injinia aliyekuwa anasimamia jengo mtaa wa pili. Yule kijana hakushika hata nyundo, akapanda juu, akapima, akauliza mama una picha za siku mliyofunga nondo? Nilikuwa nazo kwenye simu, nilipiga ili nimtumie shemeji aliyetuchangia sementi aone kazi inaenda. Zile picha ndo zilituokoa (we unayejenga saivi piga picha za nondo kabla zege halijamwagwa na uweke na tepu ya kupimia zionekane vipimo). Akaona nondo kuu, zile zinazobeba mzigo, zinapita kufuata upande mfupi wa jiko, akasema basi tundu liwe refu kufuata hizo nondo na jembamba upande wa pili ili zikatwe chache, likae mbali na bimu na mbali na tanki, maana tanki la lita 1000 likijaa ni tani nzima imekaa pale. Tukasimamisha mirunda chini kwanza ndo zege likakatwa, na kabla mirunda haijatolewa ikafungwa fremu ya chuma kuzunguka tundu kwa bolti. Slabu yako sio slabu yangu, kwa hiyo usichukue vipimo vyangu ukampa fundi, mlipe injinia hata kwa siku moja aje aangalie.

Ukubwa tulibishana. Jiko ni mita 3 kwa 4, mimi nataka tundu la mita moja na nusu, injinia anasema sentimita 60 kwa 90 zinatosha. Nikaona ananibania. Kumbe mwanga wa juu hauna masihara, dirisha la ukutani lenye ukubwa huo huo halifiki hata robo yake likishazibwa na jengo la mtu. Na huku kwetu jua ni la utosini, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba saa sita mchana linasimama juu ya kichwa chako kabisa, ningeweka tundu kubwa ningekuwa napika nikiwa nami nimo kwenye oveni.

Sasa njoo kwenye maji. Fundi aluminiamu akaleta shiti ya polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) akailaza kwenye zege hivo hivo, flati, akazungushia silikoni, akaniambia mama hii ndo tunaweka kwenye magorofa, hata tone halipiti. Masika ikaingia. Mvua ya Moshi unaijua, inanyesha usiku kucha, majani yakaziba mdomo wa bomba la kushusha maji, slabu ikageuka bwawa, asubuhi nikakuta sufuria ya maharage niliyoacha jikoni imejaa maji ya lami lami. Fundi akaja akaongeza silikoni. Ikavuja. Akaongeza tena. Nilikuja kuelewa kwamba silikoni haishiki vizuri kwenye zege lenye vumbi, na hata ikishika haikutengenezwa ikae chini ya maji yaliyotuama. Kinachozuia maji ni kimo. Tulivunja tukajenga kingo za zege kuzunguka tundu, sentimita 15 juu ya slabu, na upande mmoja tukaunyanyua sentimita 6 zaidi ili maji yasikae juu ya kifuniko. Ile karatasi ya lami ya kuunguza kwa moto wa gesi tukaipandisha mpaka juu ya kingo, na kifuniko kikazidi ukingo sentimita 5 kila upande tone lidondokee nje. Tangu hapo halijavuja, masika mbili sasa.

Ila ile shiti yenyewe ikaanza kuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Polikaboneti nyingi zina upande mmoja wenye kinga ya jua na ndo unatakiwa uangalie juu, nailoni iliyobandikwa inakuonyesha upande upi, fundi wangu alibandua nailoni zote mbili chini kabisa kabla hajapanda nayo. Akabahatisha, akakosea.

Nikahamia kioo. Hapa usikubali kuuziwa kioo cha tempad peke yake kwa sababu ni kigumu, kweli ni kigumu, lakini kikipasuka kinasambaratika vipande vidogo vidogo na vyote vinashuka kwenye sufuria na kichwani kwako. Chukua laminetedi, vioo viwili vina plastiki katikati, kikipasuka kinabaki kimeshikana pale pale juu. Mimi nilichukua chenye rangi ya maziwa, mwanga unasambaa haukuchomi machoni. Na chini ya kioo weka grili ya nondo, mwizi naye ana macho ya kuona paa.

Mwezi wa sita, baridi ile yenyewe, naamka nakuta matone juu ya jiko la gesi. Nikampigia fundi nikiwa nimeshapandisha hasira, akaniuliza tu, mama mvua imenyesha lini? Wiki tatu haijanyesha. Jana yake nilipika machalari sufuria kubwa na milango nimefunga kwa ajili ya baridi, mvuke wote ukapanda ukakutana na kioo cha baridi ukageuka maji. Tukatoboa matundu mawili ubavuni mwa kingo, tukaweka wavu wa mbu na kikofia cha bati, hewa ya moto inatoka huko na hata harufu ya kitunguu imepungua sebuleni.

Wenye nyumba za kuficha bati kwenu ni rahisi zaidi, kuna bati za kupitisha mwanga, ila migongo ilingane na ya bati lako na iingie chini ya bati la juu yake, sio juu. Mwanangu alinionyesha pia ile chupa ya maji ya fundi magari wa Brazil, Alfredo Moser, ya mwaka 2002, chupa ya lita mbili yenye maji na jiki kidogo inachomekwa kwenye bati inaangaza chumba. Kwenye bati inafanya kazi vizuri tu, kwenye slabu zege linameza nusu ya chupa.

Kazi iliyobaki ni kuosha. Kiangazi kila baada ya wiki mbili napanda na ndoo, vumbi linakaa pale kama blanketi. Na mparachichi wa jirani, yule yule wa ukuta, tawi lake limeshafika juu ya kioo changu, tunazungumza.