Muulize Mpishi wa Meli: Kisiwa ambacho maji hayapwi

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Nakaa Gongoni, mume wangu yuko kwenye mashamba ya chumvi. Mdogo wangu ameoa Mholanzi, na mwezi wa nane wanakwenda likizo kisiwa kiitwacho Bonaire, huko Karibi. Wanataka kunikatia tiketi nifuatane nao wiki mbili. Nimeuliza kuna nini huko, nikaambiwa kuzamia na wanyama. Kuzamia siwezi, bahari yangu mimi mwisho magotini na dera langu. Wanyama gani? Wakasema punda na heroe! Mzee, nipande ndege kwenda kutazama punda? Na heroe si hawa hawa wa mto Sabaki? Tena nasikia watu wa huko wanakula mijusi. Nishauri.
Mama Pacha, Gongoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda. Tiketi ya bure haiulizwi mara mbili.

Nilipika kwenye meli za watalii miaka kumi na mmoja, na Kralendijk, mji mkuu wa Bonaire, tulifunga gatini mara nyingi hata sikumbuki ngapi. Lakini mtu wa jikoni haoni mji, huona magunia ya vitunguu. Kisiwa chenyewe nilikijua nilipomaliza mkataba, mwenzangu wa jikoni mzaliwa wa huko aliponizuia nikae kwao siku tisa. Basi haya ni ya siku tisa, usinifanye mtaalamu.

Kilichonichanganya kwanza hakikuwa mnyama, yalikuwa maji. Asubuhi nilitia alama ya jiwe ufukweni, kama mtoto yeyote wa Lamu, nikasema mchana yakipwa nitashuka mwambani kutafuta pweza. Mchana nikarudi, maji pale pale. Jioni, labda yamesogea shibiri. Mwenzangu akacheka mpaka akakaa chini. Bahari ile kupwa na kujaa kwake ni kidogo mno, bamvua hawaijui. Na upepo ni huo huo wa mashariki karibu mwaka mzima, hata miti wanayoiita watapana imeinama upande mmoja kama watu waliorukuu. Sisi tuliozoea kungoja kaskazi na kusi tunajiona hatuna la kungoja.

Kwako hiyo ni faida. Mwamba hauko mbali ng'ambo ya mawimbi kama wa Malindi, unaanzia ufukweni. Kando ya barabara utaona mawe yaliyopakwa rangi ya njano, kila moja lina jina, na wazamiaji huingilia hapo hapo. Wewe simama gatini utazame chini. Nimeona pono wa kila rangi wakitafuna matumbawe, na sikulowa hata kidole. Ila nakuonya: baada ya hatua chache sakafu inaporomoka ghafla, giza. Magotini kwako pawe magotini kweli. Na chukua viatu vya mpira, ufukwe mwingi ni vipande vya matumbawe.

Sasa punda. Nami nilicheka kama wewe, mtu wa Lamu nionyeshwe punda! Lakini punda wa kwetu ana mwenyewe, ana mchanga au matofali mgongoni. Wa Bonaire waliletwa na Wahispania kwa kazi, baadaye wakabeba chumvi, magari yalipokuja wakaachiwa. Wajukuu wao wanazurura vichakani kati ya miti ya miiba na kakati ndefu kuliko nyumba, na usiku wanalala barabarani, kwa hiyo mwambie wifi yako asiendeshe kwa kasi. Tangu 1993 kuna uwanja mkubwa wa kuwatunza walioumia na mayatima. Ukiingia na gari, funga kioo. Mimi sikufunga, kichwa kizima kikaingia mpaka mapajani kutafuta mkate.

Heroe, hapo ndipo nakutuma hasa. Kusini mwa kisiwa kuna mashamba ya chumvi, na nilipoyaona nilikumbuka Gongoni na Marereni: mabwawa ya mraba, jua la kupofua, chumvi imelundikwa kama milima. Rangi ya maji kugeuka waridi mumeo ataieleza kuliko mimi, ni vijidudu vya maji makali. Heroe wanakula humo vijidudu hivyo na vikamba vidogo, na rangi ya chakula ndiyo inayopanda manyoyani. Wa Sabaki ni weupe-weupe wenye waridi kidogo. Wale wa kule ni wekundu wa kukoza, kama embe bivu lililopigwa jua. Mahali wanapotaga, Pekelmeer, hapaingiliki, utawatazama toka barabarani. Nenda alfajiri na darubini ya kuazima. Jioni wengine huruka kuvuka bahari kwenda kula Venezuela, kama kilomita 80.

Kwenye barabara hiyo hiyo kuna vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850, mlango unafika kiunoni. Walilala humo watumwa waliochimba chumvi; familia zao zilikuwa Rincon, upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Waholanzi, wenye kutawala kisiwa, walikomesha utumwa mwaka 1863. Niliingia kimoja kwa kutambaa, nikakaa. Watalii walikuwa wakipiga picha nje. Sina la kuongeza hapo, ila wewe unayejua kazi ya chumvi, ingia.

Siku moja panda mashua mwende Klein Bonaire, kisiwa kitupu mbele ya mji. Kasa, wakiwamo ng'amba, hutaga pale. Kilikuwa mali ya mtu binafsi muda mrefu, mpaka mwaka 1999 kiliponunuliwa kisijengwe hoteli. (Watu wa Lamu, mmesikia?) Hakuna mti wa kivuli, beba maji na mtandio.

Mijusi: ni kweli, yuana, mjusi mkubwa wa kule, wanampikia supu. Kuhusu halali na haramu muulize shekhe wako, mimi ni mpishi. Nilikula mbuzi, kabritu stobá, na sikujuta. Huyo yuana ukimkuta ukutani hana neno, anaota jua tu.

Viza ulizia ubalozi wa Uholanzi, na useme wazi ni ya sehemu zao za Karibi. Pesa ni dola ya Marekani. Ukipewa kitu sema "masha danki".

SWALI: Mzee, mimi hubeba wageni kwa mashua. Mzungu mmoja kaniambia samaki simba wetu, yule mwenye milia na mapezi kama manyoya, huko Karibi anauawa kama panya. Alikuwa ananitania?
Kijana wa Mayungu

JIBU: Hakukutania. Samaki yule ni wa bahari zetu, za Hindi na Pasifiki. Walifugwa Marekani kwenye matangi ya vioo, wakafika baharini, wakazaana. Bonaire walionekana mwaka 2009. Samaki wa kule hawamjui, hawamkimbii, naye anameza wadogo wao bila kuchoka. Kuvua kwa mkuki kumekatazwa Bonaire tangu 1971, lakini kwa ajili yake wazamiaji waliofunzwa hupewa ruhusa na mkuki maalumu.

Nimempika. Sumu iko kwenye miiba, haiko nyamani: kata miiba yote kwa mkasi mkubwa kabla hujamgusa, halafu ndimu, chumvi, mafuta ya moto. Nyama nyeupe, laini kama ya chewa. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia na uende hospitali. Wa kwetu mwache mwambani, wageni wako wanalipa kumwona.