Kufuli, daftari na dagaa wa Ijumaa

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Kabati la chakula cha bure mtaani: nani anastahili kuchukua?" Jibu langu la haraka ni kwamba wanaostahili mjumbe anawajua. Waandikwe kwenye daftari, kabati lipigwe kufuli, ufunguo akae nao mtu mmoja mwaminifu. Ila kinachoniwasha mimi si anayechukua, ni kinachowekwa humo, maana vingi vinavyotolewa havifiki kwenye sufuria ya mtu.

Maharage, kwa mfano. Aliyeyasahau stoo tangu mwaka juzi anayatoa kwa moyo mweupe, lakini maharage yaliyozeeka hayaivi upesi. Yanammalizia mkaa mtu anayeununua kwa kopo. Unga nao: dona lina kiini cha mahindi chenye mafuta, kwa joto letu hili linaingia uchungu mapema kuliko sembe. Fungeni kilo moja moja, andikeni tarehe uliyosagwa unga, si tarehe uliyoletwa. Sabuni ya mche isikae rafu moja na unga, ugali utanuka sabuni. Mahindi yenye ukungu msimpe mtu wala kuku. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika.

Sasa dagaa, maana Mwanza huwezi kuwakwepa. Giza likiingia, yaani siku zisizo na mbalamwezi, taa za wavuvi zinajaa ziwani, pale soko la samaki la Mwaloni bei inashuka, na kila mwenye moyo analeta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, kabati linabaki na chumvi. Katika giza moja la masika, kabati la mtaa mmoja wa huku milimani lilipata ndoo kubwa mbili, Ijumaa jioni. Dagaa wazuri, wa chanja, si wa mchangani. Ukitafuna husikii punje. Kosa la kwanza, walifungashwa wakiwa bado na joto la jua. Dagaa wakitoka juani wanaachwa kivulini wapoe, kisha unamvunja mmoja: akikatika kwa mlio amekauka, akijikunja bado. Kosa la pili ni vifungashio. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vile vifungashio angavu vipo, na ndivyo vilivyotumika, nusu kilo kila kimoja, mdomo ukabanwa kwa moto wa mshumaa. Jasho likakosa pa kutokea. Kwa siku mbili tatu karatasi ya kaki ingewafaa zaidi. Kosa la tatu, kabati lenyewe lilikuwa bati tupu pande zote. Mchana linaoka, usiku wa mvua linatoa jasho kwa ndani na matone yanadondokea rafu ya juu. Kabati la kufaa ni la mbao, lenye matundu ya hewa yaliyozibwa kwa waya wa nusu sentimita ili panya asipite, paa limetokeza mbele, miguu imesimama ndani ya makopo yenye oili chafu kuzuia sisimizi.

Lakini hayo yote yasingewamaliza dagaa wale kwa usiku mmoja. Mwenye ufunguo, ambaye uaminifu wake hakuna anayeutilia shaka, alipanda meli Jumamosi kwenda msibani Ukerewe, akarudi Jumanne. Watu walikuja, wakachungulia penye upenyo, wakaondoka. Jumanne mlango ulipofunguliwa, harufu ilitangulia. Kuwaanika upya haikuwa dawa, ukungu ulikuwa umeshaingia. Ndoo zote mbili zikafukiwa shimoni. Na majina ya wanaostahili yalikuwemo kwenye daftari, yamepangwa vizuri, kwa kalamu ya bluu.

Kumbe kufuli nililoanza kulitetea ndilo lililokula dagaa. Basi nalegeza. Mlango uwe wazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na komeo tu la kuzuia mbuzi. Usiku lifungwe, funguo ziwe mbili katika nyumba mbili zisizo na undugu, ili msiba mmoja usiziondoe zote. Daftari libaki, ila liandike vinavyoingia na tarehe zake. Mama mwenye watoto wanne hatasimama aandikwe jina mbele ya majirani. Atalala njaa kwanza. Kuna atakayechukua kupita kiasi? Yupo. Ndiyo maana napenda vifurushi vidogo: anayebeba kumi anaonekana mtaa mzima.

Kwa kabati lililo karibu na stendi sisemi hivyo, huko wapitao hawajuani na kufuli libaki mchana pia. Na ikifika Januari, ada zimebana na sikukuu zimepita, kufuli lenyewe halina kazi, maana ndani hamna kitu. Wanaotoa kwa wingi Krismasi wangebakiza robo ya mzigo wautoe wakati huo. Mchele, sukari, chumvi, hata sembe. Dona wasibakize.