Kuhusu ile kanga

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Habari ya maonyesho yako huko Arusha nimeisoma mara tatu. Unasema picha zote zitahusu umama na kumbukumbu za utoto, na unaniuliza kanga niliyokubebea mgongoni ilikuwa ya rangi gani.

Mgongoni hukukaa sana. Ulipoanza kutambaa tu nilirudi barazani, jirani na Soko Kuu, na mahali pako pakawa chini ya cherehani, juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Hapo ndipo ulipokulia. Ulikuwa unaegemeza shavu kwenye ule mguu wa chuma, mimi nakanyaga, wewe unatikisika, hadi usingizi unakuchukua. Sasa ukiniuliza kanga najiuliza, huyu anakumbuka ya kwake au ya watu? Maana mama mwenye kanga na mtoto mgongoni yuko kwenye kila duka la picha za watalii hapo Arusha.

Ile satini nyeupe unaikumbuka? Ulikuwa na miaka minne. Ilikuwa ya gauni la komunio ya kwanza, la mtoto wa watu, na wenyewe walikuwa wanalifuata Jumamosi. Nilikwenda kununua uzi, dakika tano tu. Kurudi nakuta umeivuta mpaka chini, kalamu ya wino ya bluu mkononi, umechora. Sikutazama ulichochora. Nilishika rula ya mbao nikakuchapa mbele ya mafundi wote, mpaka mama muuza ndizi akaja kukutoa mikononi mwangu.

Kitambaa kilikuwa cha watu, na hela ya kukilipa sikuwa nayo. Siku zote nimewaambia, kitambaa kikishakatwa hakirudi. Lakini kile kilikuwa hakijakatwa bado, mwanangu. Nafasi ya kukigeuza ilikuwepo. Na mtoto wa miaka minne alistahili walau kuulizwa, hiki ni nini?

Usiku nilisugua kwa ndimu na chumvi, wino ukafifia lakini haukutoka. Ndipo nilipokisogeza kwenye taa nikaona. Miguu miwili, vidole kumi kamili, na chini yake pedeli ya cherehani na matundu yake yote. Basi. Uso hakuna, mikono hakuna. Ni mimi, kutoka pale ulipokuwa unakaa.

Nikakigeuza kitambaa, nikapima upya, mchoro ukaangukia kwenye pindo. Nikakunja mara mbili, nikashona kwa mkono. Mwenye gauni hajui mpaka leo. Jumapili nilikwenda Kristo Mfalme, na mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa natazama pindo la yule mtoto linapita katikati ya mabenchi, linakwenda altareni na miguu yangu ndani yake. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Na nyumbani nilikuwa na mtoto ambaye wiki nzima aligoma kukaa chini ya cherehani.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hachoki kutusimulia habari za mchoraji Sam Ntiro, mwana wa Machame, kwamba mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi mbege, pombe ya ndizi, usiku, na picha ile ikaenda kukaa kwenye jumba la makumbusho la New York. Mbege, mwanangu, na watu wa migombani. Hakungoja jambo kubwa zaidi ya hilo. Nakueleza haya kwa sababu… hapana. Nilikuwa nimeshaandika hapa "usichore kanga", nimelikata. Picha ni zako, na mkasi unao wewe. Pengine kanga nayo ni kweli, nami nakuonea tu kwa sababu ya lile jambo langu. Ila kitambaa kikishakatwa hakirudi, kwa hiyo kabla hujaanza, panda gari uje siku moja. Cherehani iko sebuleni palepale. Pedeli imelika upande wa kulia, matundu mawili yameungana. Utakaa chini, nami nitakanyaga.

Kanga zilikuwa mbili. Moja nyekundu, ya kwendea kliniki. Nyingine ya kijani, ilikuwa imechanika kwenye kona nikaitia kiraka. Nadhani ni hiyo ya kijani.

Mama yako