Manowari haipigi mbizi

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka 1914 manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Mto ule una kina gani hata chombo cha kwenda chini ya maji kiweze kujificha humo? Na je, zikiwa nyingi tuseme "manowari hizi" au "manowari haya"? Rafiki yangu anasisitiza kuwa moja ni "nowari".

JIBU: Nianze na rafiki yako, maana hatanichukua muda. Nowari haipo. Hiyo ma- si kiambishi cha wingi, ni mwili wa neno lenyewe, kama ilivyo katika mashine, na bado sijamsikia fundi aliyeletewa shine moja kutengeneza. Manowari hii imetia nanga, manowari hizi zimetia nanga. Ngeli ya I-ZI, kwisha. Asili yake ni man-of-war, jina ambalo mabaharia wa Kiingereza waliipa meli yao ya vita, na watu wa pwani wakalilainisha mpaka likawa letu.

Sasa hilo la Rufiji. Ndugu msomaji, wewe huna kosa. Umeona neno manowari, ukapata picha ya chombo kinachozama na kuibuka, kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa na wanaokuandikia habari. Siku hizi chochote cha kijeshi kikishaingia baharini, kiwe juu ya maji au chini yake, ni manowari. Chombo kinachopiga mbizi kina jina lake: nyambizi. Mbizi yenyewe imo humo ndani, mwenye masikio anaisikia. Neno ni fupi, linatamkika, limo katika kamusi, halidai ushuru. Limewakosea nini waandishi wetu, sijui.

Königsberg haikuwa nyambizi hata kwa dakika moja. Ilikuwa meli ya juu ya maji, urefu wake mita 115, ina dohani tatu na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Tarehe 20 Septemba 1914 ilitokea alfajiri mbele ya bandari ya Zanzibar, ikaikuta Pegasus, manowari ya Waingereza, imelala inatengenezwa mitambo, ikaimiminia mizinga mpaka ikazama. Baada ya hapo ndipo ilipoingia Rufiji, ikajibanza kati ya mikoko, mabaharia wakaifunika kwa matawi ili isionekane kutoka baharini. Hayo matawi yangetosha kukujibu. Chombo chenye uwezo wa kujizamisha kinafunikwa matawi ya nini?

Kina cha maji ndicho kilichowatesa Waingereza. Meli zao kubwa hazikuweza kupanda mto ule, ikabidi zivutwe kutoka Malta meli mbili pana zisizozama sana majini, Severn na Mersey, ambazo awali ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Hata hizo zilikuwa zinafyatua mizinga bila kumwona adui, kwa hiyo macho yao yalikuwa angani, katika ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu ya delta, Arnold akipeleka taarifa kwa simu ya upepo: mmepiga mbali, punguzeni, kulia kidogo. Ndege yao ikapigwa. Inashuka, injini imekwisha kazi, na Arnold bado anatuma masahihisho ya shabaha pamoja na ombi la mashua ya kuja kuwaokoa. Wakaangukia mtoni karibu na Mersey, wote wawili wakatoka hai. Siku hiyo hiyo Königsberg ikawa imekwisha, mabaharia wake wakailipua wenyewe. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikaburutwa nchi kavu, ikaenda kupigana katika jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, anayetaka akautazame.

Hapo huwa naambiwa: "Mzee, nyambizi nayo si ya vita? Basi nayo ni manowari." Sawa, na bunduki ni silaha, lakini hilo halijaifanya silaha kuwa jina la bunduki. Na anayedhani nabishania nukta na mkato nitampa kisa kimoja cha bahari yetu hii hii, ambacho nimeshakitaja mara nyingi na nitaendelea kukitaja mpaka kieleweke.

Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani yake mlikuwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa huku kwetu, pamoja na wauguzi. Ilikuwa katika msafara uliosindikizwa na manowari za Uingereza, zikiwemo Petard na Paladin. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani, I-27, iliipiga kwa topido. Haikumaliza dakika tatu, imezama. Watu 1,297 walikufa. Petard na Paladin zikageuka kuisaka I-27.

Sasa hebu tukiandike kisa hiki kwa Kiswahili cha siku hizi. "Manowari iliizamisha meli iliyosindikizwa na manowari. Manowari mbili zikaiwinda manowari hiyo kwa mabomu ya chini ya maji mpaka manowari ikaibuka. Manowari moja ikaifuata manowari ili kuigonga, lakini manowari ikaumia ubavu. Hatimaye manowari ikaizamisha manowari kwa topido."

Nani amemuua nani? Ipi imeibuka, ipi imeumia ubavu, ipi ipo chini na ipi ipo juu? Soma tena polepole, hutapata jibu, kwa sababu halimo. Na mabomu yale yaliangushwa mahali ambapo manusura walikuwa bado wanaelea. Huwezi hata kumweleza mjukuu wa askari wa Khedive Ismail uamuzi ule mzito wa nahodha kama chombo kilichojificha chini ya manusura kina jina moja na chombo kilicholenga mabomu kutoka juu yao.

Kwa Kiswahili kisichoonea haya maneno yake: nyambizi iliizamisha meli, manowari mbili zikaiwinda nyambizi mpaka ikaibuka, Paladin ikataka kuigonga, ikachanika ubavu, Petard ikaimaliza kwa topido. Sentensi moja, hakuna aliyepotea.

Nisionekane mkali kwa kila kitu. Anayesema sabmarini simwandami. Ana haraka, na walau ameonyesha kwamba anakijua chombo anachokisema. Meli ya kivita ni sahihi kabisa kwa anayeona manowari imezeeka. Ile inayorusha ndege kutoka sitahani kwake tunaiita manowari ya kubeba ndege, maneno manne ya kutembea nayo kutwa, lakini ni ya kweli na hayamdanganyi mtu. Hata "manowari ya chini ya maji" naivumilia kwa kuuma meno, maana mwenye nayo amekwishahisi kuwa kuna kitu kimepungua, ila hakulijua neno la kukijaza.

Kinachonishinda ni "manowari ya kivita". Vita vimo humo tangu siku neno lilipoteremka melini. Atakayeniletea manowari ya kitalii, ya harusi au ya kuvulia dagaa, siku hiyo nami nitaongeza "ya kivita" kwenye zilizobaki.