Kisima kilichokauka si pa kumwaga maji ya muhogo

Watu wanaonipigia kuuliza habari za usindikaji wa muhogo huulizia bei ya mashine, bei ya presi na soko la unga. Sijapata hata mmoja aliyeniuliza maji ya kukamua yanakwenda wapi. Na mimi nilipoanza sikuuliza.

Kikundi chetu kiko nje kidogo ya Mikindani. Muhogo ukishamenywa na kuoshwa tunaukwangua, tunautia kwenye viroba, tunavibana kwa presi ya jeki. Yanatoka maji meupe kama tui, ambayo ukiyaacha hadi kesho yake yanachacha na kunuka. Tulichimba shimo la kunyonya, mita mbili na ushee. Halikumaliza miezi mitatu likagoma, maana wanga ulishaziba kuta zake kama plasta. Fundi akalichungulia, akacheka. "Dada, si mna kile kisima cha zamani pale nyuma? Kimeshakauka. Pitishieni bomba humo mtasahau kama mna maji machafu." Tukampa chake, akapitisha bomba. Na kweli tukasahau.

Hiyo ilikuwa Septemba, jua kali. Mvua zilipochanganya, mwezi wa kwanza, bibi wa nyumba ya pili akaniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanimiminia chai bila kusema kitu. Chai ya rangi, lakini nyeusi kama wino. "Majani ni yale yale, mwanangu. Maji ndiyo yamebadilika." Akanifunulia ndoo aliyochota jana yake: juu utando unang'aa, chini tope laini la rangi ya kutu, na harufu ya yai viza. Nilikunywa ile chai yote. Sikuwa na uso wa kuiacha.

Kilichotokea kule chini ni hivi. Wanga na sukari ya muhogo vinapoingia kwenye maji ya ardhini, vijidudu huvila na kumaliza oksijeni. Oksijeni ikiisha, madini ya chuma yaliyotulia kwenye mchanga na mawe huyeyuka na kuingia majini. Chuma hicho kikikutana na majani ya chai, chai inageuka wino. Kuchemsha hakukiondoi. Na hilo ndilo lililokuwa jepesi. Lililoninyima usingizi ni sumu iitwayo sianidi, kwa sababu muhogo, hasa ule mchungu, unayo, na tunapoukamua sehemu yake kubwa hutoka na maji. Tulifunga bomba siku ile ile, tukamwomba bibi asinywe tena maji ya kisimani kwake, na kikundi kikawa kinamnunulia madumu ya maji ya bomba.

Fundi alikuwa na hoja moja tu, kwamba kisima kimekauka. Kilikuwa kimekauka kiangazi. Masika maji ya ardhini hupanda, yakayafuata yale tuliyomwaga miezi minne. Halafu shimo fupi angalau lina udongo chini yake wa kuchuja kidogo. Kisima kinaruka hatua hiyo yote, kinakufikisha moja kwa moja kwenye maji watu wanayokunywa. Na huku kwetu pwani, chini ya mchanga kuna mwamba wa matumbawe wenye matundu kama mkate wa kumimina. Kitu kikishaingia humo hakina wa kukizuia. Mji wa Mtwara wenyewe unategemea visima vya Mtawanya, kwa hiyo hili si la bibi mmoja.

Nilikwenda ofisi ya bodi ya maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini nikijua nitafokewa. Sikufokewa, ila niliulizwa maswali ambayo ningepaswa kujiuliza kabla ya kumlipa fundi: lita ngapi kwa siku, maji ya ardhini yako mita ngapi masika, kisima cha jirani kiko umbali gani. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kumwaga maji machafu kunahitaji kibali. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa cha BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu wataihitaji kuumaliza uchafu, ni miligramu 30 kwa lita. Maji ya muhogo yakitoka kwenye presi huwa na maelfu.

Shida yetu wadogo ni kwamba shimo tunaliona kama choo tu, wala hatufikirii ofisi. Marekani, chini ya sheria yao ya maji salama ya kunywa ya 1974, shimo lolote la kumwagia maji machafu ambalo kina chake kinazidi upana wake huhesabiwa kuwa kisima cha kuingizia maji ardhini. Visima hivyo wamevigawa madaraja sita, na vya wasindikaji wa chakula viko la tano. Wengi wa daraja hilo hawalazimiki kupata kibali, ila lazima waandikishe shimo lao, na wasihatarishe maji ya kunywa. Mimi ningependa tuazime hapo kwenye kuandikisha. Daftari la mashimo kwenye kila kata lingemzuia fundi wangu kuliko faini.

Sasa hivi maji yetu yanapita kwenye karo tatu. Wanga unatuama, tunauanika na kuuza (miezi mingine unalipa dizeli). Maji yanakaa siku kadhaa, ndipo yanaingia kwenye mitaro mipana yenye kina cha goti, tunayoipumzisha kwa zamu. Kama unaanza, chimba shimo la majaribio mwezi wa tatu, si wa tisa, uone maji yako wapi. Beba vipimo hivyo uende navyo bodi kabla hujanunua hata tofali. Na kisima cha zamani kizibwe kabisa kwa udongo wa mfinyanzi na zege, maana fundi mwingine atakuja.

Chai ya bibi ilirudi rangi yake baada ya masika ya pili. Maji ya kunywa bado anachota kioski, na mimi ndiye ninayelipa.