Upanga uliopiga kabla sijapiga

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni mchezo gani wa video uliowahi kumshinda msomaji hadi akakaribia kuuacha, na ni nini kilichomrudisha. Jibu ninalo, ingawa si jibu ambalo mwalimu wa miaka 46 hulitangaza mbele ya wanafunzi wake. Mchezo wenyewe ni The Legend of Zelda: Skyward Sword, wa mwaka 2011, unaochezwa kwenye Wii, mashine ya michezo ya kampuni ya Nintendo; aliyenishinda humo ni adui mkubwa wa kwanza kabisa, aitwaye Ghirahim, na aliishikilia likizo yangu ya Aprili kwa siku 11.

Mashine niliipata kwa binamu yangu aishiye Columbus, Ohio, ambaye alipokuwa akihama nyumba aliona heri aitume Mombasa kuliko kuitupa. Ilifika ndani ya sanduku la nguo pamoja na rimoti ya rangi ya dhahabu, yaani kile kifaa ambacho mchezaji hukishika na kukitikisa ili kucheza, ile iliyotolewa maalumu kwa ajili ya mchezo huu. Adapta yake ni ya umeme wa volti 120, na wetu ni 240, kwa hiyo ilinibidi ninunue transfoma ya kushusha umeme, chuma kizito kinachonguruma chini ya meza kama mzinga wa nyuki. Kisha nikagundua kwamba Wii iliyouzwa Marekani haisomi diski zilizouzwa Ulaya, kwa hiyo zile alizonikopesha jirani aliyerudi kutoka London hazikunifaa kitu. Nikabaki na diski mbili tu: Wii Sports, ambayo Marekani iliuzwa pamoja na mashine tangu 2006, na hii ya upanga. Nalieleza hili ili msomaji aelewe kwamba uvumilivu nitakaousimulia haukutokana na tabia njema bali na ukosefu wa diski ya tatu.

Tofauti ya diski hizo mbili ndiyo asili ya taabu yangu. Rimoti ya kwanza ya Wii ilikuwa na kifaa cha kupima mchapuko, yaani jinsi kasi ya mkono inavyobadilika, pamoja na kamera ndogo puani mwake iliyosoma miale ya taa zilizomo katika ule ufito unaowekwa juu ya televisheni, ufito ambao watu wengi hudhani ndio unaotutazama kumbe ni taa tu. Kwa vifaa hivyo rimoti ilijua kwamba mkono umetikisika, lakini haikujua vizuri umegeukia wapi. Ndiyo maana tenisi ya Wii Sports unaweza kuicheza ukiwa umejilaza kwenye kochi, ukitikisa kifundo cha mkono kama mtu anayefukuza nzi, na bado ukamshinda anayeruka huku na huko jasho likimtoka. Mwaka 2009 kikaja kipachiko kiitwacho MotionPlus, chenye jairoskopu inayopima mzunguko wa mkono wenyewe, na baadaye kikaingizwa ndani ya rimoti. Kwenye Wii, Skyward Sword haichezeki bila kifaa hicho. Mtayarishaji wake, Eiji Aonuma, amewahi kusimulia kwamba timu yake ilikiweka kando wakati fulani kabla ya kukirudia, nami katika siku ya tano ya mateso yangu niliona kwamba wazo lao la kwanza lilikuwa na busara.

Kilichotokana na uamuzi wao ni upanga unaofuata mkono wako. Ukiinua rimoti, shujaa Link anainua upanga. Ukiulaza ubavuni, anaulaza. Ukikata, mashine inatambua umekata kutoka upande gani kati ya pande nane, na kudunga ni jambo la tisa. Katika michezo mingi ya mapigano unabonyeza kitufe na pigo linatoka lilelile, uwe umetulia au umeghadhibika, lakini humu pigo linatoka kama ulivyolitoa. Kuna mmea wenye kinywa ambacho mara hufunguka kwa mlalo na mara kwa wima, na usipokata kulingana na ufa wa kinywa hicho upanga unadunda. Kuna jicho lililo juu ya mlango ambalo hulizungushia ncha ya upanga polepole hadi lenyewe likashikwa na kizunguzungu. Haya niliyaweza, na nikaanza kujiona bingwa.

Nilijeruhiwa mara moja tu katika hatua hiyo, na si na adui. Mchezo unakufundisha pigo ambalo sharti uinue upanga juu mbinguni na kutulia mpaka ujae nuru, ndipo ulishushe. Sebule yetu ina pangaboi, dari yetu ni fupi, nami ni mrefu. Nadhani sina haja ya kueleza zaidi, ila niseme kwamba ukanda wa rimoti ulikuwa umefungwa mkononi na hivyo televisheni ikanusurika. Tangu siku hiyo tulicheza pangaboi likiwa limezimwa, katika joto la Mombasa la Aprili, na kila baada ya dakika chache nilifuta viganja kwa shuka.

Ghirahim yuko mwishoni mwa hekalu la kwanza, msituni. Ni mtanashati wa mavazi meupe mwenye maringo ya bwana harusi, na mwanzoni mwa pambano hachomoi hata silaha. Anakujia kwa hatua za taratibu, mkono mmoja ameuinua mbele yake, na mkono huo unaufuata upanga wako: ukiuweka kulia, mkono unahamia upande huohuo, ukiuinua, nao unapanda. Ukipiga pale ulipo mkono wake, anaudaka upanga kwa vidole kama mtu anayeokota unyoya, na usipojinasua upesi anakunyang'anya na kukugeuzia wewe. Mbinu ya kumshinda inaeleweka hata na mtoto, kwa sababu mkono wake huchelewa kidogo: mvutie upande mmoja, kisha mpige kutoka upande mwingine kabla hajakufuata. Niliielewa katika dakika mbili za mwanzo. Kuitenda ndiko kulikochukua siku 11.

Nilimvutia kulia, nikahamisha mkono haraka kushoto ili nimkate, na akanidaka. Nikaanza upya. Nilimvutia kushoto, nikahamisha haraka kulia, na akanidaka. Nilipoteza mioyo yote sita ya uhai niliyokuwa nayo, nikarudishwa nyuma, nikaja tena, nikadakwa. Kufikia siku ya nne nilikuwa nimekwisha kupata mshtakiwa, naye alikuwa rimoti. Ni kweli kwamba kifaa chochote cha jairoskopu hukusanya makosa madogomadogo kadiri muda unavyokwenda, na mchezo wenyewe unakuruhusu kuirudisha ncha katikati kwa kubonyeza kitufe kimoja, na mara kwa mara kuilaza rimoti kifudifudi mezani ili ijipime upya. Nililaza rimoti hiyo mezani mara nyingi kuliko nilivyolala mimi. Nikabadilisha betri, nikahamisha kochi, nikamlaumu binamu yangu kwa kunitumia kitu kibovu. Hata betri zilipokuwa nzuri nilijua ni nzuri, kwa sababu Fi, yule roho wa upanga anayefuatana na Link, ana tabia ya kukukatiza ili kukuarifu kwamba betri za rimoti zinakaribia kwisha. Roho wa ajabu wa karne nyingi zilizopita anayekagua betri zako: sijaona kiumbe mwingine wa hekaya aliye na kazi kama hiyo.

Siku ya kumi nilizima mashine katikati ya pambano na nikairudisha transfoma kwenye boksi lake. Hapo ndipo ninapoijibu sehemu ya pili ya swali lenu.

Likizo hiyo alikuwa kwetu mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye miaka 10. Alikuwa akikaa kwenye mkeka kando yangu, na kwa kuwa alikwisha kuchoka kuniona nikidakwa, hakuwa tena akitazama televisheni bali alikuwa akitazama mkono wangu. Nilipofunga boksi akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo ambalo kila mmoja analijua, "Mjomba, wewe unapiga kabla hujapiga."

Nilimwambia kwamba maneno hayo hayana maana. Akasimama, akachukua mwiko jikoni, akaniigiza. Alishika mwiko upande wa kulia, akaupeleka kushoto kwa kishindo, akaurudisha kulia kwa kishindo kikubwa zaidi, kisha akauliza: "Pigo ni lipi hapo?" Nami nikaona. Kwangu mimi pigo lilikuwa ni lile la pili tu. Lile la kwanza lilikuwa ni kujiweka sawa, kama mtu anayerudi nyuma ili aruke. Lakini jairoskopu haijui nia. Mkono uliopita kwa kasi kutoka kulia kwenda kushoto ni pigo la kutoka kulia kwenda kushoto, na mashine ililitoa kama nilivyoliagiza, likatokea palepale ulipokuwa mkono wa Ghirahim ukilingoja. Pigo langu la kweli lilikuja baadaye, upanga ukiwa tayari umedakwa. Rimoti niliyoishtaki kwa kutosikia ilikuwa ikisikia kila kitu, pamoja na yale nisiyojua kwamba nayasema.

Tuliitoa transfoma tena, lakini hatukuwasha mashine siku hiyo. Nilifanya mazoezi kwa mwiko mbele ya kioo cha kabati, na kwa aibu yangu nikagundua kwamba siwezi kuuhamisha mkono polepole. Kila nikitaka kupiga, bega linatangulia kupanda, kiwiko kinafuata, na mwili mzima unatoa tangazo. Nimezaliwa Lamu, nimewaona wazee wakicheza kirumbizi kwa fimbo zao wakati wa Maulidi, na nilipokuwa mtoto nilidhani uhodari wao uko katika kishindo cha fimbo zinapokutana. Mbele ya kioo kile ndipo nilipokumbuka jinsi mchezaji mzuri anavyozunguka uwanjani fimbo yake ikitembea tu, haina haraka, wala hujui ni wakati gani kutembea kumegeuka kuwa pigo. Kwa hiyo nikajifunza kuupitisha mwiko chini, kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayepangusa meza, hadi ufike upande wa pili. Na pale tu kifundo cha mkono kikate, kwa ghafla na kwa umbali mfupi, bega likiwa limelala.

Siku ya kumi na moja nilimpiga Ghirahim pigo la kwanza katika jaribio la tatu. Mkono wake ulikuwa bado uko kulia. Sikumbuki kama nilipiga kelele, ingawa mpwa wangu anasema majirani waligonga ukuta. Baadaye anachomoa upanga wake na kurusha visu vilivyopangwa mstari, mara kwa wima, mara kwa mlalo au kwa mshazari, nawe unavirudisha kwa kukata kufuata mstari huo; sehemu hiyo, ambayo wengi huiona ngumu zaidi, kwangu ilipita upesi, kwa kuwa mkono ulikwisha kunyamaza.

Mwaka 2021 mchezo huu ulitolewa upya kwa ajili ya Nintendo Switch, mashine ya baadaye ya kampuni hiyohiyo, na safari hii anayependa anaweza kuzima mwendo na kuuelekeza upanga kwa kijiti cha kidole gumba. Kwa mtu mwenye maumivu ya bega, au anayecheza akiwa kitandani, huo ni uungwana, na sioni sababu ya kumcheka anayeuchagua. Mimi nimeujaribu kwa rafiki na nimeuona umepungukiwa na kitu. Kidole gumba hakina bega. Hakina la kuficha. Na Ghirahim aliyenigharimu likizo nzima alianguka jioni moja kabla chai haijapoa.

Limebaki jambo moja ambalo sikuulizwa. Katika michezo mingi iliyotangulia Link alikuwa na shoto, lakini humu ameshika upanga kwa mkono wa kulia, kwa kuwa wachezaji wengi huishika rimoti kwa mkono huo. Wii Sports humwuliza mchezaji anatumia mkono gani, ila mchezo huu hauulizi. Mimi pia nilizaliwa na shoto, na marehemu bibi yangu aliiondoa kwa subira na kwa kofi dogo kila nilipopeleka kijiko kinywani, hata leo naandika, nakula na kupigana kwa mkono wa kulia. Mpwa wangu naye ana shoto, na kwao hakuna aliyemgusa. Alipofika zamu yake aliishika rimoti kwa mkono wa kushoto, akatazama Link akiinua wa kulia, akasema, "Basi, kama kioo," akaendelea. Ghirahim anarudi tena mbele ya safari, akiwa amepanda daraja, na katika pambano hilo la pili mimi nilikwama kwa siku tatu. Yeye alihitaji majaribio mawili, nami nilikaa kwenye mkeka nikitazama mkono wake, nikitafuta pigo linaloanza kabla ya pigo, na sikuliona.